Farang, supamaketi na duka la Pa

Nilipokuwa nafundisha Kiingereza Udon Thani, kaskazini mashariki mwa Thailand, ikifika saa nane mchana friji za bia katika supamaketi zilifungwa. Kwingine walishusha pazia la plastiki, kwingine walizungusha mnyororo. Ukichelewa dakika mbili tu, mashine ya kaunta inaikataa chupa yako. Binti wa keshia anaunganisha viganja, anainama kidogo, anaisogeza chupa chini ya meza. Amri hiyo ilitoka mwaka 1972, enzi za utawala wa kijeshi: pombe isiuzwe kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, ili watumishi wa umma wasilewe saa za kazi. Miaka ikapita, supamaketi zikaendelea kuitii kwa dakika.

Jirani yangu, Mwingereza mstaafu, hakuwa mtumishi wa umma wa nchi yoyote tena. Alikuwa anatoka na toroli lake, anavuka barabara, anaingia dukani kwa Pa. Pa kwa Kithai ni mama mkubwa, na ndivyo mtaa mzima ulivyomwita yule mama. Pa hakuwa na mashine ya kukataa kitu. Alitia chupa mbili za bia ya Chang kwenye mfuko mweusi wa rambo, akaandika kwenye daftari. Hapo mbele ya duka, kwenye kiti chekundu cha plastiki, ndipo jirani yangu alipoanzia hotuba yake: kwamba supamaketi za kigeni zinaimaliza Thailand. Miguuni pake palikuwa na jibini ya cheddar, mkate usiotiwa sukari na makopo manne ya maharage ya mchuzi wa nyanya, vyote kutoka kulekule anakokulaani.

Hotuba hiyo niliisikia kwa wengi, kwa lafudhi nyingi: Wajerumani, Waaustralia, Wamarekani. Udon kuna wageni wengi wa namna hiyo. Wakati wa vita vya Vietnam palikuwa na kambi kubwa ya ndege za Marekani, na tangu enzi hizo mji umezoea wanaume wa mbali wanaooa na kubaki. Wote huitwa farang. Mimi niliitwa farang dam, farang mweusi. Neno hilohilo ndilo jina la tunda la pera, kwa hiyo nikila pera mbele ya watoto wa darasa la nne, kipindi kinaishia hapo.

Ni rahisi kumwita jirani yangu mnafiki. Nilimwita hivyo mwaka wa kwanza, kimoyomoyo. Baadaye niliacha, kwa sababu nilianza kupiga hesabu zake.

Pensheni ya serikali ya Uingereza, ukiamua kuishi Thailand, inagandishwa. Kiasi ulichoanza nacho ndicho utakachozikwa nacho, hata kama wenzako waliobaki kwao wanaongezewa kila mwaka. Pauni yenyewe, ambayo katikati ya miaka ya 2000 ilikuwa inakupa kama baht 70 za Kithai, miaka kumi baadaye ilikuwa inachezea baht 40 na kitu. Idara ya Uhamiaji nayo inataka mstaafu aonyeshe baht 800,000 benki, au kipato cha baht 65,000 kwa mwezi. Mtu wa namna hiyo akiona maziwa yamepunguzwa bei, hasimami kufikiria utamaduni wa Kithai.

Halafu kuna kibandiko cha bei. Sisi tuliokulia Kariakoo tunaijua bei ya mzungu kutoka upande wa pili wa meza, na tunajua haina chuki ndani yake. Ni kipimo cha haraka cha mfuko wa mteja. Lakini kaa upande wa kununua miaka kumi uone. Kila nanasi ni mazungumzo, kila kilo ya samaki ni mtihani wa lugha. Supamaketi inakuondolea hayo yote. Bei imeandikwa kwa tarakimu, na ni ileile kwa mke wako, kwa polisi na kwako wewe. Mgeni anayelilia soko la asili analia pia kwa sababu pale sokoni ameshindwa kuwa mwenyeji, ila hilo halitamki.

Na mke wake? Hapa ndipo hesabu inapokuwa chungu. Wageni wengi wa Isan, eneo hilo la kaskazini mashariki, wameoa katika familia za wakulima na wachuuzi. Dada wa mke anauza mboga sokoni. Shemeji ana duka la mtaani. Ile supamaketi inayomshushia bwana bei ya siagi ndiyo inayompunguzia shemeji wateja, na mwisho wa mwezi shemeji atakuja kukopa kwa nani? Kwa farang. Anachookoa kwenye toroli kinatokea mlango wa nyuma.

Wathai wenyewe, ukiwauliza, hawana maombolezo hayo. Mke wa jirani yangu alikuwa anacheka tu. Aprili ya Isan joto hufika nyuzi 40, na supamaketi ina kiyoyozi, choo safi, michezo ya watoto, sehemu ya kulipia umeme, na ukumbi wa chakula ambapo sahani ya wali na nyama haimtishi mtu. Familia nzima inakwenda Jumamosi, inakaa saa nne, inanunua sabuni moja. Kumtaka mama huyo abaki sokoni kwenye matope ili mume wake aone Thailand halisi ni kumgeuza kivutio cha utalii. Mapenzi ya farang kwa soko la alfajiri ni mapenzi ya mtu ambaye hajawahi kuamka saa tisa usiku kufunga mafungu ya mchicha.

Sasa, hao wageni wenye supamaketi waliingiaje? Masimulizi ya kwenye viti vya plastiki yanasema walivamia. Kumbukumbu zinasema vingine. Makro ya Waholanzi ilifungua mwaka 1989, Carrefour ya Wafaransa mwaka 1996, zote katika nchi ambayo uchumi wake ulikuwa unapaa. Kisha ikaja tarehe 2 Julai 1997. Serikali iliiachia baht ielee, na sarafu iliyokuwa 25 kwa dola ikavuka 50 ifikapo Januari 1998. Makampuni ya Kithai yaliyokopa kwa dola yakajikuta deni limekuwa maradufu kabla hayajauza chochote. Kundi la CP, ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika kilimo na chakula, lilikuwa na maduka 13 makubwa yaliyoitwa Lotus. Mwaka 1998 likauza sehemu kubwa ya umiliki kwa Tesco ya Uingereza. Mwaka uliofuata Big C, iliyoanzishwa na ukoo wenye maduka ya Central, ikaangukia mikononi mwa kampuni ya Casino ya Ufaransa. Wageni waliitwa waje kununua nyumba ikiwa inaungua, na kwa bei ya nyumba inayoungua.

Mwaka huohuo wa 1999 ilipitishwa sheria mpya ya biashara za wageni, na ndani yake kuna kipengele ninachokipenda kwa ubaya wake. Biashara ya rejareja imewekwa katika orodha ya kazi za wazawa. Lakini mgeni mwenye mtaji usiopungua baht milioni 100, na milioni 20 kwa kila duka, anaruhusiwa. Isome tena polepole. Sheria ya kumlinda muuza duka mdogo ilimfungia mlango mgeni mdogo, yule ambaye angefungua duka moja la soseji, akapanga chumba kwa mjomba wa mtu na kuajiri binamu wawili. Mgeni mkubwa, yule mwenye uwezo wa kufuta maduka ya mtaa mzima, ndiye aliyepewa ufunguo. Jirani yangu hakuruhusiwa kuuza hata soseji. Tesco iliruhusiwa kufungua mamia ya maduka.

Nililikumbuka jambo hilo Julai 2025, serikali ya Tanzania ilipotoa amri ya kuwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogondogo, kuanzia wakala wa pesa za simu hadi saluni. Jumla na rejareja zimo, isipokuwa supamaketi na vituo maalumu vya jumla vya wazalishaji wa ndani. Wafanyabiashara wa Kariakoo waliokuwa wamelalamikia Wachina kwa muda mrefu walishangilia, na wana haki yao. Mimi jicho langu lilikwama kwenye neno isipokuwa.

Thailand iliona matokeo ya neno hilo mapema. Miaka ya 2000 wenye maduka katika miji ya mikoani waliandamana dhidi ya minyororo hiyo ya supamaketi, na kanuni za mipango miji zikakaza masharti ya kujenga maduka makubwa karibu na katikati ya mji. Minyororo ikajibu kwa kujipunguza umbo. Yakaja maduka madogo ya vyumba viwili vitatu, yenye kiyoyozi, kwenye kona ileile alipo Pa. Wakosoaji waliosema kwa sauti wakajikuta mahakamani: mwaka 2007 na 2008 Tesco iliwashtaki Wathai kadhaa kwa kashfa, mmoja wao mbunge wa zamani, ikidai fidia ya mamilioni ya pauni. Hapo hata mimi nisiyependa hotuba za viti vya plastiki nilikosa la kuitetea.

Lakini kuna kitu jirani yangu hakukihesabu kamwe, nacho kilikuwa hatua mia kutoka tulipokaa. 7-Eleven ya kwanza Thailand ilifunguliwa mwaka 1989 mtaa wa Patpong, Bangkok. Sasa zimevuka 15,000, na ni Japani peke yake yenye nyingi zaidi. Jina ni la Marekani, ila anayeziendesha ni CP, wale wale wa Lotus. Usiku wa manane ipo wazi, inauza mkate, chaja, soksi, inapasha moto sandwichi, inapokea malipo ya maji. Kama kuna kitu kilichomnyang'anya Pa mteja wa saa tatu usiku, ni hicho. Mgeni wetu alipita mbele yake kila siku, mara nyingi akaingia, na hasira zake zikaingoja supamaketi yenye jina la kwao.

Basi hao wenye majina ya kwao wakaondoka. Carrefour ilikuwa ya kwanza: mwaka 2010 iliuza maduka yake 42 kwa Big C kwa yuro milioni 868. Mwaka 2016 Casino nayo ikauza hisa zake za Big C kwa zaidi ya yuro bilioni 3, na mnunuzi akawa kundi la TCC, la tajiri mwenye bia ya Chang, ileile ya kwenye mfuko mweusi. Tesco ilisubiri hadi 2020, wakati wa korona, ikauza karibu maduka 2,000 ya Thailand pamoja na ya Malaysia kwa zaidi ya dola bilioni 10. Mnunuzi alikuwa CP. Aliyeuza 13 akinyang'anywa na madeni, alirudi miaka 22 baadaye kununua elfu mbili. Tume ya ushindani wa biashara ilipiga kura kuhusu ununuzi huo: wanne waliukubali, watatu waliukataa. Kura moja, na kampuni iliyokuwa na 7-Eleven na Makro ikapata na Lotus.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wageni wenzangu wa Udon. Walitumia miaka 20 kuuliza supamaketi hii ni ya nani kwa pasipoti, wakati suala lilikuwa wangapi wanaoshika soko. Bendera ilishushwa, na hakuna mteja hata mmoja aliyerudi kwa Pa kwa sababu hiyo. Hapo zamani kulikuwa na Waingereza, Wafaransa na Waholanzi wakigombana kwa bei. Siku hizi ni koo chache za Bangkok zinazofahamiana kwa majina.

Na hata hayo ya nani mwenyeji yana mizizi mirefu. Duka la aina ya Pa huitwa cho huai, neno la Kichina, kwa kuwa yalianzishwa na wahamiaji wa Kichina. CP yenyewe ilianza mwaka 1921 kama duka la mbegu la ndugu wawili waliotoka China, katika mtaa wa Wachina Bangkok. Wazee wa Kithai wa enzi hizo walikuwa na hotuba zao, bila shaka. Sisi pia tusijitie usahaulifu: neno duka lenyewe lilikuja na jahazi.

Jina la Carrefour, baada ya kufutwa Bangkok, liliibukia Nairobi mwaka 2016 chini ya Majid Al Futtaim wa Dubai. Mwishoni mwa 2023 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliitoza kampuni hiyo faini ya shilingi bilioni 1.1 kwa kuwakandamiza wasambazaji. Supamaketi ya wazawa, Nakumatt, kabla yake ilikuwa imeanguka na mabilioni ya wasambazaji hao hao. Mwuza asali anayesubiri malipo hajali cheki iliyochelewa ilisainiwa kwa lugha gani.

Nikiri yangu na mimi. Mtu wa pwani akienda soko la asubuhi la mji wa Kithai hapati ugeni anaoupata Mwingereza. Anapata mihogo, bamia, ndizi za aina sita, embe bichi linalokatwa vipande na kupewa na chumvi ya pilipili, ukifumba macho umesimama nje ya shule ya msingi Tanga. Kulikuwa na mama wa nazi. Anapasua, anakuna kwa mashine, anakamua, anakupa tui kwenye mfuko likiwa bado na joto la mikono. Nyuma yake alikuwa ametundika kifaa cha bibi yake: ubao wa kukalia wenye ulimi wa chuma wenye meno. Nilipiga kelele, "Mbuzi!" Akanishangaa. Nikaeleza kwa Kithai changu kibovu kwamba kwetu hicho ni mbuzi. Akacheka hadi akaweka nazi chini, kwa sababu kwao kinaitwa kratai, sungura.

Kwa hiyo soko lile mimi nililipenda bila kujilazimisha, na nilijiona bora kuliko jirani yangu na cheddar yake. Mpaka nilipotamani ugali. Sokoni mahindi yalikuwa ya kuchemsha na kuchoma tu. Unga niliupata supamaketi, kwenye rafu ya farang kati ya mafuta ya zeituni na tambi, umeandikwa polenta, umetoka Italia, kilo moja kwa bei ambayo Dar es Salaam ingenipa karibu kiroba. Nililipa. Niliurudia kila mwezi. Jirani yangu aliniona siku moja na toroli langu kwenye foleni, akaninyooshea dole gumba.

Serikali ya Thailand ilipotaka kweli kumsaidia Pa, ilionyesha kwamba inawezekana. Oktoba 2020 ilianzisha mpango ulioitwa Khon La Khrueng, nusu kwa nusu: mwananchi akinunua duka dogo au sokoni, serikali inalipa nusu kupitia simu, hadi baht 150 kwa siku. Minyororo mikubwa haikuruhusiwa kushiriki. Ghafla Pa akawa na simu mpya na kibandiko chenye msimbo mbele ya duka, na foleni ya watu ambao hawakumsalimia miaka mitatu. Farang hakuwamo, kwa kuwa mpango ulitaka kitambulisho cha uraia. Jirani yangu alinung'unika kwamba ni ubaguzi. Nikamwambia kwamba kwa mara ya kwanza ameona sera inayomtetea Pa, na haimhusu yeye. Hakulipenda neno hilo. Fedha zilipokwisha, foleni ikapungua, ingawa si wote walioondoka.

Mwaka 2021 walianza kubadilisha mabango. Neno Tesco likaondolewa, likabaki Lotus's, lenye herufi ya s mwishoni ambayo hata walimu wa Kiingereza hatukujua kuielezea darasani. Jirani yangu alikuja dukani siku hiyo akiwa na uso wa mtu aliyetoka msibani na harusini kwa wakati mmoja. Wameondoka, akasema. Akamwuliza Pa, kwa Kithai chake cha miaka kumi na tano, kama amefurahi.

Pa alikuwa nyuma ya pikapu ya mwanawe, wanashusha mzigo. Kila wiki walikwenda kuchukua bidhaa Makro, kama wafanyavyo wenye maduka madogo karibu wote wa mji ule. Sabuni, mafuta, mchele, sukari. Makro hiyo CP iliinunua tangu 2013, kwa zaidi ya dola bilioni 6. Pa alisimama kidogo, akatazama upande wa barabara kwenye bango jipya, akauliza bia ya pale sasa ni baht ngapi. Jirani yangu akamtajia. Pa akahesabu kwa vidole, akaguna, akarudi kwenye katoni za tambi za chapa ya Mama, akaniashiria nishike upande wa pili.